Nyumba Isiyo na Mlango ya Fundi Kifusi

Fundi mwashi huyu alijenga nyumba nyingi mtaani, na zote zimesimama mpaka leo. Lakini walimwengu walikumbuka ukuta mmoja tu wa choo, uliopasuka penye mlango ukalala chini kabla hata plasta haijakauka. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likafa. Akawa Fundi Kifusi, mkewe Mama Kifusi, na mjukuu wao wa kike akaitwa Kokoto shuleni.

Shule ilipotangaza mashindano ya kujenga nyumba za maboksi, vijiti na gundi, ili watoto waonje kazi ya usanifu majengo, mzee moyo ulimruka. Wazee waliruhusiwa kusaidia, na nyumba zingepimwa kwa kupandishiwa matofali mbele ya mtaa mzima. Hapo ndipo angelisafisha jina la ukoo.

Kokoto alichora ramani yenye vidirisha viwili na mlango. Babu akaiangalia kama mtu aliyeonyeshwa jipu.

"Mlango wa nini?"

"Wa kuingilia, Babu."

"Huo ndio ulioniponza mimi. Tutautoboa mwishoni."

Gundi ikakauka, babu akatia kisu mfukoni.

"Babu, mlango!"

"Kesho, mama. Usinitie presha."

Siku ikafika. Ghorofa la mtoto wa kinyozi lilikaa kitako kwa tofali la kwanza. Nyumba ya Kokoto ilibeba matofali yote yaliyokuwepo, mwalimu mkuu akaongeza na mkoba wake. Makofi yakalipuka. Mzee akatanua kifua hadi kifungo cha shati kikalegea.

Kengele ya mwisho ikalia. Mwalimu mkuu akachukua mwanasesere. "Sasa mwenye nyumba aingie." Akaizunguka meza, akaizunguka tena. "Samahani, mzee wangu, anaingilia wapi?"

"Ameshaingia," mzee akajibu bila kupepesa. "Yuko ndani, amelala."

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Kokoto akanyoosha mkono.

"Babu, kisu."

"Itaanguka, mjukuu wangu! Jina letu..."

"Babu. Kisu."

Akampa, akafumba macho. Akasikia boksi likikatwa, kisha kimya. Alipofumbua, mwanasesere alikuwa kasimama mlangoni, na matofali yalikuwa juu vilevile, hata moja halijatikisika. Lakini kanuni zilikataza kugusa nyumba baada ya kengele, hivyo wakatolewa mashindanoni.

Mzee akajitwika nyumba kichwani, akachagua njia ndefu inayopita kwa kinyozi.

"Fundi Kifusi! Mmeshinda?"

"Tumetolewa!" akajibu kwa furaha iliyomshangaza kinyozi. "Kwa kosa la mlango! Umesikia? Mlango, si ukuta! Kama huamini, njoo uikalie!"

Kinyozi, mtu wa kilo zake, akaweka mkasi chini na kuanza kuja.

"Babu," Kokoto akanong'ona akimvuta shati, "kaza mwendo."