Mchanga Tuliompelekea Mungu

Nilipokuwa kijana nilikaanga chapati Mtito Andei, kwenye hoteli ya mabati iliyotazamana na mahali malori ya Mombasa yalipokuwa yakipumzika. Kazi yenyewe ilikuwa moshi na kelele. Alikuwako dereva mmoja wa Pwani, Mwislamu, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akibeba simiti au mafuta, sikumbuki vizuri. Huyu alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake. Anaagiza chai, chapati na maharagwe, vinaletwa vikiwa moto, halafu badala ya kukaa ale anachukua mkeka wake na kwenda kuswali kando ya gurudumu la lori. Chakula kinabaki mezani na nzi. Siku moja dereva mwenzake akamwambia ale kwanza, kwani Mungu hatatoroka. Yeye akaendelea kunawa miguu, na bila hasira yoyote akasema, "Chakula kikipoa, huyu kijana atakipasha. Mimi nikipoa, atanipasha nani?" Wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikarudi kwa karai langu. Hoteli ile haiko tena, na huyo dereva sijui aliishia wapi. Barabara ile imemeza watu wengi.

Sikuwa nimemkumbuka kwa miaka mingi. Alinirudia juzijuzi, kwa ajili ya mtu mwingine wa sala za kila siku, nikiwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, kwa dada yangu. Tulikuwa tumekaa tukimenya mbaazi, yeye akinieleza magonjwa yake moja baada ya jingine, ndipo simu ya mke wangu ikaingia. Mke wangu hana maneno mengi kwa simu. Alisema, "Yule mzee wa kithima ameenda," nikasikia kuku wetu wakilia nyuma yake. Dada yangu akaniuliza ni nani amekufa. Hakuwa ndugu yangu, hakuwa rika langu hasa, hatukuwahi kula pamoja isipokuwa kwenye matanga ya watu. Nikamwambia tu kwamba ni mtu aliyekuwa akitusomea Biblia tukingoja maji. Dada yangu akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akarudia ugonjwa wa magoti pale alipouachia.

Wasomaji wa mjini itabidi mnivumilie hapa kidogo. Mto wetu, ule unaopita chini ya soko la Kasikeu, ni mchanga karibu mwaka mzima. Maji yanapita juu siku chache za mvua kubwa, halafu yanajificha chini. Ukiyataka unachimba kwa mikono mpaka mchanga uwe mweusi, na hilo shimo ndilo tunaloliita kithima. Unateka yale machafu ya kwanza unayatupa, halafu unangoja. Maji yanatoka yenyewe kando kando, polepole, kama jasho. Unayachota kwa kipande cha kibuyu, yanakwisha, unangoja tena. Hakuna namna ya kuyaharakisha. Ukichimba kwa nguvu kingo zinaporomoka, unaanza upya. Kwa hiyo asubuhi zetu zote zilikuwa za kungoja, na kila mtu alijua la kufanya na kungoja kwake. Wengine walisengenya, wengine walisinzia wakiegemea mitungi. Yeye alivua kofia, akaomba kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani, halafu akatoa Biblia yake ya Kikamba kutoka kwa mfuko wa plastiki na kusoma mistari michache. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, kwenye darasa la ngumbaru, kwa hiyo alisoma kwa kidole, akisimama kwa kila neno gumu. Akimaliza alifunga, akamgeukia mtu mmoja na kumuuliza, "Wewe umesikia nini?" Basi. Hakuhubiri. Ukijibu aliitikia kwa kichwa, ukikosa jibu alingoja nawe kama anavyongoja maji.

Msidhani tulikuwa watakatifu pale. Kulikuwa na mama mmoja mwenye punda, mdomo wake hauna breki, aliyemwambia siku moja, "Mzee, leo soma fupi. Huyu punda wangu hajaokoka." Mzee akamjibu bila kuinua macho kutoka kwa ukurasa, "Yeye ndiye ananisikiliza. Wewe unaangalia mtungi." Tulicheka mpaka punda akashtuka. Lakini mama huyo huyo ndiye aliyekuwa akija mapema kuliko wote, na mume wake alipomwacha, ni pale kwa mchanga alipojibu lile swali la mzee, akajibu kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza, hata waliokuwa na mitungi imejaa.

Niseme pia alikuwa mtu wa namna gani mwanzoni, maana watu wakifa tunawasugua mpaka wanang'aa. Alikuwa mkali. Miaka ya kwanza niliyomjua, mbuzi za jirani yake ziliingia kwa shamba lake la ndengu, akamkata mmoja mguu kwa panga, kesi ikafika kwa chifu. Sikuona siku aliyobadilika. Mtu akibadilika kwa kusoma mistari michache kila asubuhi huwezi kuonyesha siku yenyewe, ni kama kuangalia mtoto wako mwenyewe akikua. Ninachojua ni kwamba miaka mingi baadaye mbuzi za jirani yuleyule zilivunja ua zikala mbaazi zake karibu zote, mwaka wa njaa. Alizifukuza polepole mpaka nyumbani kwa jirani, akakaa kwa mawe pale mlangoni akangoja. Jirani alipofika akamkuta hapo. Mzee akasimama, akajipangusa vumbi, akamwambia, "Mbuzi zako zimeshiba. Zipe maji." Akaenda zake. Jirani ndiye aliyenisimulia, na kila akisimulia anaishia hapo.

Sasa nifike kwa kanisa, ingawa nafsi yangu haitaki. Kanisa letu lilikuwa la udongo na mabati, dogo, mvua ikinyesha husikii mahubiri. Tukakubaliana kujenga la mawe, na kwa desturi ya huku kila nyumba inaleta kitu. Hatukuwa na pesa, lakini mchanga ulikuwa mlangoni. Ikawa kila Jumapili akina mama wanapanda kutoka mtoni na debe la mchanga kichwani, wanaimba, wanamwaga mbele ya kanisa, pasta anauombea. Watoto walileta kwa vikopo. Mzee naye aliubeba, nilimwona na gunia begani, ameloa jasho. Ilikuwa furaha ya kweli, sitaki kudanganya. Hatukujua, au hatukutaka kujua, kwamba tunachompelekea Mungu ndicho kitanda maji yetu yanacholalia. Halafu rundo likaonekana dogo, maana ramani ya jengo ilikuwa imeongezeka: kwanza ukumbi, baadaye ghorofa ya kwaya. Kamati ikapata mtu wa malori. Angechimba mtoni, asombe mchanga wa kanisa bure, na yeye abaki na wa kuuza Nairobi. Kila mtu aliona hiyo ni baraka.

Malori yalikuja misimu miwili. Mvua iliyofuata ilinyesha vizuri, mto ukapita na kelele zake za kila mwaka, tukashangilia. Maji yalipopungua tulishuka na mitungi yetu, tukakuta mwamba. Mwamba mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na vidimbwi vya kijani ambavyo jua lilivimaliza kabla ya wiki kwisha. Yule mama wa punda alikaa kwa jiwe akavua viatu, akasugua mwamba kwa kisigino kama anayetafuta mlango. Siku hizi tunanunua maji kwa mtu wa pikipiki anayeyatoa mbali, na yakichelewa hatuogi. Kanisa limekwisha, linapendeza, lina vigae, lina spika zinazosikika mpaka sokoni. Mvua ikinyesha sasa mahubiri yanasikika vizuri kabisa.

Mimi sina elimu ya kuandika mambo makubwa, naandika kama ninavyoongea na mhariri ananinyoosha. Lakini nimeangalia hili jambo kwa miaka, na naona kwamba kilichokauka si mto peke yake. Watu wetu bado ni wa dini, msinielewe vibaya. Mikutano ya injili imejaa, mikesha imejaa. Asubuhi simu yangu inalia mistari ya Biblia kutoka kwa watu ambao hawajaisoma, wanaitupa kwangu wakiwa wamefumba macho, na mimi naitupa kwa mwingine. Hakuna anayeniuliza nimesikia nini. Zamani niliamini kwamba mtu akisoma na kuomba kila siku, hekima inaongezeka kidogo kidogo, na ikiongezeka kwa mmoja itawafikia wengine. Nusu ya kwanza niliiona kwa macho yangu, kwa yule mzee. Nusu ya pili sijaiona. Hekima ya mtu mmoja ilisimama mbele ya malori, na malori yakapita.

Nilimtembelea mwaka jana. Aliendelea kushuka mtoni kila asubuhi bila mtungi, akakaa kwa mwamba na Biblia yake, mpaka macho na miguu vikakataa. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amegeuza kiti kielekee bondeni. Nikamuuliza kama bado anasoma. Akasema mke wake humsomea, kila siku, hawajaruka. Nikasema hilo ni jambo jema. Akasema, "Tunasoma. Lakini nikimaliza kusikia, sina wa kuuliza. Huyu mama nimemuuliza mpaka amechoka na mimi." Mke wake akacheka kutoka jikoni. Yeye hakucheka. Nikataka kumwambia aniulize mimi, badala yake nikaaga.

Tulimzika Alhamisi. Pasta, kijana mwenye nia njema ambaye hakumjua enzi za kithima, alitaka jeneza lipitishwe kanisani kwanza, kwamba ni heshima kwa mzee wa zamani. Mke wa marehemu alikataa. Alisimama hapo na leso yake kiunoni akasema, "Alitoka kwa hiyo nyumba kwa miguu yake. Hamtamrudisha kwa mabega." Basi ibada ikafanywa nyumbani, chini ya turubai. Pasta akahubiri vizuri, akafanya kithima kuwa mfano wa hili na lile, lakini mwishoni akasema kwa masikitiko kwamba mzee alianza mbio vizuri, akarudi nyuma, akaacha ushirika wa watakatifu, na sisi tulio hai tujifunze. Watu wakasema amina. Wengi wao ni vijana, hawakuwapo. Nilitazama waliokuwapo, na kila mmoja alikuwa anatazama udongo. Kama kuna fundisho ninaloweza kuwaachia, wasomaji wangu, ni hili dogo: mkimwona mtu ameacha kuja kwenu, kabla ya kumwombea kama aliyepotea, ulizeni kwanza siku aliyotoka mlikuwa mnafanya nini.

Sisi tulikuwa tunapiga kura. Ilikuwa baada ya ibada, kwenye lile kanisa la udongo, mbele ya madirisha mchanga umerundikwa mpaka mwanga umepungua ndani. Mwenyekiti wa kamati alieleza habari ya malori, watu wakapiga makofi. Mzee akainua mkono, akasimama, akashika kofia yake kwa mikono yote miwili. Alisema amekuwa akisoma wiki nzima habari ya wale waliofukia visima vya wenzao, na haimtoki. Alisema yeye mwenyewe amebeba mchanga huo na sasa hajui alibeba nini. Halafu akasema, "Mimi naomba kitu kimoja. Tujenge ndogo."

Mwenyekiti akatabasamu, maana alikuwa mtu wa utani. "Mzee wetu, unataka Mungu akae kwa nyumba ya kuku?"

Watu wakacheka. Mzee akangoja wamalize, vile alivyojua kungoja. "Mahali nimeongea na yeye miaka hii yote," akasema, "hakuna hata ukuta."

"Basi kaa naye huko," mwenyekiti akasema, na kicheko kikawa kikubwa zaidi, nacho kikaendelea mikono ikiwa tayari imeinuliwa kwa kura. Mzee aliiangalia ile mikono. Aliangalia upande wa akina mama, akamwona yule mwenye punda, na mkono wake pia ulikuwa juu. Nilidhani atasema neno jingine. Alimgeukia aliyekaa karibu naye kwenye benchi, ambaye nilikuwa mimi, akauliza kwa sauti ya chini, kama asubuhi yoyote, "Wewe umesikia nini?" Hakungoja jibu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona hangoji. Aliweka Biblia kwa mfuko wake wa plastiki, akapita kando ya rundo la mchanga bila kulikanyaga, akavaa kofia, akashuka na njia ya mtoni, na hakurudi tena.