Gari la Mzee Shem Lisilopata Joto

Peres Adongo, fundi wa kike, alikuwa wa kwanza kufika gerejini kila asubuhi, ingawa hakuna aliyemtaka awahi. Nyumba ya kupanga pale Uthiru, ambamo sasa aliishi peke yake, ilikuwa na kimya kisichokuwa na sababu. Kimya cha gereji isiyofunguliwa angalau kilieleweka.

Tangu babake, Mzee Shem, azikwe kwao magharibi, gari lake lilikuwa limeegeshwa kwenye kona ya gereji hiyo, ambako mzee naye alikuwa amefanya kazi maisha yake yote. Lilikuwa gari dogo kuukuu la rangi ya krimu, la zile injini za zamani zinazochanganya petroli na hewa kwa kabureta. Likiwa mwendoni halikuwa na neno. Likisimama tu, injini ilitetemeka kama mtu aliyevaa nguo mbichi, ikakohoa, ikazimika. Clifford, kakake Peres, aliyefanya kazi Westlands na kuishi mtaa wa Karen, alikuwa amepata mnunuzi wa kulikatakata kwa ajili ya spea. Peres alimwomba subira, wakakubaliana hivi: Jumapili angeliendesha hadi Karen. Likifika bila kuzimika njiani, libaki kwa Peres, likizimika, liuzwe. Nguo za mzee zilikuwa zimegawanywa baada ya matanga. Gari ndilo lililobaki.

Alianza kama alivyofundishwa chuoni, kwa mambo mepesi kwanza. Plagi, zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, alizikuta nyeusi kwa masizi. Alizisafisha, injini ikatulia, lakini baada ya safari chache ikarudia tabia yake. Alipaka maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa akitafuta tundu linalofyonza povu, hakuliona.

"Peres, bado unabembeleza huo mkebe?" aliuliza Kaloki, fundi mzee aliyekuwa amefanya kazi na babake, akikoroga chai yake kwa bisibisi.

"Inamiss, inakatakata, ikisimama tu."

"Hiyo imemiss tangu ukiwa na meno ya maziwa. Mzee alikuwa anajua dawa yake. Jumapili akitoka kanisani anatoa plagi, anasugua, anarudisha. Wiki imeisha."

"Na mbona hakuiponya?"

"Si umuulize," Kaloki akacheka, kisha akasikia alichokisema. Akaitazama chai yake. "Pole, mama."

Peres alizikumbuka Jumapili hizo. Yeye ndiye aliyekuwa akishika plagi, zimepangwa kiganjani kwa utaratibu wake zisichanganyike, naye babake akizichukua moja moja bila kusema mengi. Walikuwa watu wawili wasiopenda maneno, na kazi ile iliwatosha kuwa mazungumzo.

Masizi maana yake ni petroli iliyozidi. Petroli huzidishwa injini ikiwa baridi. Aliwasha gari, akaliacha lingurume muda mrefu, kisha akaushika mpira wa redieta. Ulikuwa na uvuguvugu tu. Aliutazama mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa, mahali ulipolala tangu alipokuwa mtoto. Babake alijisifia mshale huo. Magari ya wenzake yalichemka kwenye miinuko ya kuelekea Limuru, lake likapita likiwa limetulia. Peres alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea hasira za nyumbani kwao, asiulize.

Basi alijua. Mafundi wengi wa mjini hukitoa kile kidude kiitwacho thamostati, kinachozuia maji yasiende kupozwa kwenye redieta kabla injini haijapata moto, wakiamini kwamba nchi ya jua haina haja nacho. Babake alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo injini haikuwahi kupata joto lake, na kile kilango cha kabureta kinachobana hewa wakati wa baridi hakikuwahi kufunguka kabisa. Miaka yote ile mzee alikuwa akisafisha kila Jumapili uchafu aliousababisha mwenyewe.

Kifuniko cha mahali pa thamostati kilikuwa kimezibwa kwa gundi nyekundu. Babake aliilainisha gundi kwa dole gumba, na alama ya dole hilo ilikuwa bado pale, imekauka, mistari yake yote ikionekana. Peres alikaa nayo kwa muda. Kisha akachukua kikwangulio, akaikwangua hadi chuma kikang'aa. Ndani hapakuwa na kitu.

Spea aliifuata mjini, Kirinyaga Road.

"Thamostati?" Muchiri, mwenye duka, alipekua rafu akiguna. "Madam, hizi watu hutoa. Hakuna mtu hurudisha. Nani amekudanganya?"

"Mimi narudisha."

"Haya. Ikichemka usinitafute."

Aliifunga mahali pake Ijumaa jioni, wenzake wakiwa wameshaondoka. Akajaza maji, akawasha. Mshale ulipanda taratibu, ukafika katikati, ukasimama. Mtetemo ukapungua, ukaisha, ikabaki sauti moja nyororo isiyokatika. Peres aligeuka amwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu. Akasikiliza peke yake, kisha akazima, akafunga gereji.

Jumapili alipita Naivasha Road. Pale Dagoretti Corner alikwama kwenye foleni ya magari ya watu watokao makanisani, nyuma ya lori la mchanga, mikono imebana usukani. Injini haikukohoa. Alipofika Karen, Clifford alitoka nje akiwa ameshika funguo za lango, sura ya kumpa mtu pole imeshaandaliwa.

"Imezima hapa mlangoni? Pole, siz. Umejaribu."

"Haijazima."

Clifford alisogea, akasikiliza, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Inawaka kweli," alisema baadaye. "Basi ni yako, mimi sina neno." Hakuuondoa mkono. "Lakini hii si sauti yake, Peres. Ya Baba ulikuwa unaisikia akiwa bado mbali. Akiisikia tu, Mathe wetu anaanza kumpakulia chakula."

"Ilikuwa mgonjwa, Cliff. Sisi tulizoea tu."

Clifford alitikisa kichwa kukubali. Aliinama kidogo, mkono ungali pale pale, kana kwamba anangoja boneti itetemeke. Peres hakuzima injini. Alimwacha angoje.