Vibandiko Vinne kwa Watu Walionuniana

Fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Soli alikuwa na miaka thelathini ya kuinamia viatu vya watu, na siku tisa za kutosemezana na mkewe. Ile miaka ilimharibia mgongo. Zile siku zilikuwa zinamharibia chai, maana ililetwa bila sukari, naye hakuweza kuiomba.

Ugomvi ulianzia kwenye kigoda. Kilikuwa cha miguu mitatu, kimebonyea katikati kwa umbo la makalio yake, na binti yao muuguzi alishasema mara nyingi kwamba ndicho kinachompinda baba yake. Asubuhi moja Soli alikikuta jikoni kimebaki mguu mmoja, mkewe amekifanya kuni za kuchemshia maji. Akaapa hatasema naye mpaka aombe radhi. Mkewe, mshonaji ambaye hakuomba radhi hata kwa mteja aliyemshonea suruali yenye mguu mmoja mrefu, akaapa kuwa atakayeanza kusema ndiye mwenye makosa. Wakabaki hivyo katika chumba kimoja cha kazi, yeye dirishani na nyundo yake, mke ukutani na cherehani yake. Soli alifikia kushika misumari midogo mdomoni hata akiwa hana kiatu cha kupigilia, ili awe na sababu ya kunyamaza.

Siku ya tisa binti akaleta kifaa kidogo chenye nyaya na vibandiko vinne. Akawaeleza kwamba kinapitisha umeme mdogo sana kwenye ngozi, unatekenya kama sisimizi, na mtekenyo huo hupunguza maumivu: baba atabandika mgongoni, mama kwenye goti lililochoshwa na kukanyaga cherehani. Wasikiweke shingoni wala kifuani, waanze na nguvu ya chini kabisa, na wakitumie kwa zamu. Kisha akakimbilia kazini.

Kwa zamu ni rahisi kusema. Lakini zamu inataka mmoja amuulize mwenzake kama amemaliza, na kuuliza ni kuanza kusema. Soli akaona heri wajifunge wote kwa mpigo. Akabandika viwili kiunoni kwake, akamsukumia mkewe viwili bila kumtazama, akachomeka nyaya palipoingia, kisha akaweka kifaa kwenye benchi katikati yao. Kilikuwa na vitufe pande mbili. Yeye akashika vya kushoto, mkewe vya kulia. Karatasi ya maelezo hakuisoma. Alishaikunja na kuisindilia ndani ya kiatu cha mteja ili ncha isibonyee.

Akabonyeza, hakusikia kitu. Akaongeza, hakusikia kitu. Pembeni, goti la mkewe likashtuka. Mke akapunguza upande wake mpaka mwisho, lakini mguu ukazidi kurukaruka. Soli akautazama mguu ule kwa jicho la husuda. Huyu kapona mpaka anacheza, akawaza, na mimi hata sijaanza. Akaongeza mara tatu.

Kandambili ikamchomoka mkewe, ikapaa, ikatua ndani ya kopo la gundi. Mwanamke akajikaza kisabuni, midomo kaifumba mpaka haionekani. Maadamu kupunguza hakukusaidia, akafikiri labda vitufe vimewekwa kinyume, naye akaongeza, kwa kidole cha mshonaji kisichojua kugusa polepole. Mgongo wa Soli, uliopinda tangu binti yao hajaanza shule, ukanyooka. Akakaa wima kama askari anayekaguliwa, na misumari yote ikamtoka mdomoni.

"Zima," wakasema wote wawili.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi kuchukua kitambulisho chake alichosahau. Akazima. Swali la kwanza la Soli lilikuwa nani kaanza kusema, akajibiwa kuwa wamesema pamoja. Binti akaufuata waya kwa kidole, kutoka vitufe vya baba mpaka goti la mama, halafu ule mwingine. Akawaambia kuwa muda wote huo kila mmoja alikuwa akimwongezea mwenzake, na kwamba yeye alishawaambia wakitumie kwa zamu.

Soli akaliangalia goti la mkewe, lingali linatetemeka. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

"Ulikuwa unaumia, ukanyamaza?"

"Kila asubuhi unainuka kitandani kwa kushika ukuta," mkewe akasema. "Nilishindwa kuangalia tena, baba. Ndiyo maana nikakichoma."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekificha."

Hilo lilikuwa kweli. Alishakificha mara mbili. Hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyekumbuka kuidai. Binti akaondoka na jozi moja ya nyaya ndani ya mkoba wake, ili wasimletee ujanja mwingine.

Asubuhi iliyofuata chai ilikuja na sukari, nyingi kupita kiasi. Soli akalala kifudifudi juu ya benchi, vibandiko viwili kiunoni. Waya ulitosha kabisa kumfikia mkononi, lakini kifaa alimpa mkewe akishike.

"Niongezee kidogo, mke wangu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wewe ongeza tu. Safari hii nitasema."