Siku Nilipomjibu Bingwa wa Kusini

Nilianza kuimba shambani kwa babu, upande wa Ras Mkumbi, kaskazini ya kisiwa chetu, tukivunja nazi za kuanika mbata. Zama zile za Mwingereza kazi hiyo tuliifanya wanawake na wasichana, na bila nyimbo mikono ilichoka upesi. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita. Siku moja shangazi yangu, aliyeongoza chama cha ngoma cha wanawake pale kijijini, aliweka panga chini akawa ananisikiliza tu.

"Sauti hiyo umeitoa wapi wewe?"

"Sijui, shangazi. Imo tu."

"Basi haitabaki shambani."

Kila Idi vijiji vyetu vilishindana kwa nyimbo. Chama kimoja kikiimba ubeti wa kuchokoza, kingine sharti kijibu papo hapo, kwa lahani ile ile. Kikikwama, kimeshindwa. Idi hiyo mwimbaji wetu alikuwa kajifungua juzi tu, shangazi akanisimamisha mimi. Siku ya kwanza tukawashinda jirani zetu, siku ya pili kijiji cha mbele yao. Ndipo ilipokuja habari kwamba tunatakiwa Kilindoni, mbele ya liwali, tukakutane na watu wa kusini. Mwimbaji wao alikuwa mama mmoja wa upande wa Ras Kisimani ambaye hakuna aliyekumbuka lini alishindwa.

Baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikataa katakata.

"Mwanangu akaimbe mbele ya wanaume?"

Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, hakumwogopa hata chembe. "Wewe ulipokuwa ukighani mashairi kwenye kila harusi, nani alikuziba mdomo?"

Baba akatazama mkeka. Kisha akasema, "Aniimbie mimi kwanza."

Nikaimba. Yeye kafumba macho, anahesabu kwa vidole. Nilipomaliza akasema, "Ubeti wa pili una kipande cha mizani saba, si nane. Usiende kuniaibisha Kilindoni na mizani saba."

Shangazi alicheka hadi kanga ikamwanguka. Tukajua ruhusa imetoka.

Tulisafiri juu ya lori la mbata, tumekalia magunia, tukiimba njia nzima. Uwanja ulikuwa umejaa. Yule mama wa kusini aliinuka, mrefu, kipini puani, akanitazama toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Akaimba kwa sauti nzito iliyozifunika ngoma:

*Kinda asiye manyoya, aja pigana na mwewe!*

Watu wake wakapiga vigelegele. Beti zote alizonifundisha shangazi zilipotea kichwani kama hazijawahi kuwamo. Nikamwona shangazi akichezesha midomo, simsikii. Akina mama wa kusini wakaanza kupiga makofi ya kunihesabia. Nikaona hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyofungua kinywa:

*Mwewe kazi ni kuiba, kinda kwao wamlinda,*
*Manyoya yakiniota, wapi mwewe utakwenda?*

Kisha uwanja mzima ukalipuka, hata upande wao. Yule mama alifungua mdomo mara mbili, akaufunga, akaangua kicheko. Akavuka uwanja kunijia. Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake alivua kanga yake ya juu akanivika mabegani.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa woga.

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote naimba nasubiri mtu wa kunijibu. Ulichelewa wapi?" Akanishika mkono. "Haya, imba tena, nami nikuitikie."

Nikaimba, akaitikia, na vyama viwili vikachanganyika hata hujui nani wa kaskazini nani wa kusini. Liwali alisahau kumtangaza mshindi mpaka adhana ya alasiri ilipokaribia, ndipo akamkabidhi shangazi ngoma mpya ya zawadi. Shangazi aliipakata kama mtoto.

Baba nilimkuta nyuma ya watu. Sikujua kwamba amekuja. Alikuwa amepanda lori jingine.

"Kina cha kati kimekuponyoka," akaniambia. "'Iba' na 'ota', wapi na wapi?" Lakini meno yote yalikuwa nje.

Baada ya siku ile niliitwa kwenye harusi za Chole na Baleni, na mwaka uliofuata yule mama akanialika kwao, tukaimba bega kwa bega mbele ya wajukuu zake. Mashindano niliyashinda mengi. Niliposhindwa, nilishindwa sawasawa: msichana mmoja mwembamba wa Jibondo alinirushia ubeti kuhusu ngalawa na nanga, nikasimama kama nguzo, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Jibu lake nalitafuta hadi leo.