Mbuzi Wawili wa Hesabu

Baba alinifundisha hesabu kwa sukari guru. Jioni nikishafungia mbuzi zizini, ananiuliza swali moja, na nikipata ananikatia kipande cha ukubwa wa ukucha. Kidogo hivyo! Lakini nilishika. Kufikia darasa la sita, hapo Ikutha hakuna mtoto aliyenishinda kuzidisha.

Halafu nikaingia darasa la saba, mwaka wa mtihani, na baba akasema nikipita mbuzi wawili ni wangu. Nikashtuka. Kwetu msichana hapewi mbuzi, mbuzi huletwa kwao kwa sababu yake. Ndio ntheo, mbuzi wa kumposea msichana, na wakishapokelewa wewe ni wa watu. Tangu lini ukucha wa sukari guru ukawa mbuzi wawili? Hapa kuna namna, nikajiambia.

Na dalili ya mvua ni mawingu. Mwezi huohuo mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa Nuu, akaanza kupitia kwetu kila siku ya soko. Alikuwa na kijana ambaye hajaoa, hilo lilijulikana. Anakunywa chai, anazunguka zizi na baba wakinong'ona, nami nikikaribia wananyamaza. Nikamuuliza mama. Akaniambia nimuulize baba, na nani angethubutu? Nilimchukia yule mzee pamoja na chai niliyompikia.

Vitabu vikanishinda. Nikifungua ukurasa, naona mbuzi. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe: nikipita naolewa, nikianguka nimepona. Siku ya mtihani wa hesabu nilichagua majibu ya makosa makusudi, hata kwa maswali ambayo ningejibu nikiwa usingizini. Nikatoka nikicheka, mjinga mimi.

Matokeo yalipokuja baba hakunichapa. Mama ndiye aliyelipuka, akaniambia yule mzee wa Nuu alikuwa mnunuzi tu. Mbuzi wawili walikuwa wametengwa wauzwe, wawe karo yangu ya sekondari, na bei watu wazima hawaijadili mbele ya watoto. Baba hakutaka kutaja karo, asije akanitia hofu nikaanguka.

Jioni baba akaniita. Alikuwa ameshika sukari guru na kisu. Akasema kosa ni lake, hakunifundisha vizuri, kwa hivyo nitarudia darasa na tutaanza tena kutoka chini kabisa. Kisha akaniita mama, kama alivyozoea, kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

"Mama, saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita." Lilinitoka kabla sijafikiri.

Kisu kikasimama.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

Akakata kipande, akakiweka juu ya kigoda katikati yetu. Hakuna aliyekichukua.