Wali wa Mama Yake Babu Hoi

Ubani wa Kichina haufanani na udi wetu. Ni mkavu, una moshi wa vijiti, unakwaruza koo. Juzi ulinikuta dukani kwa Mei, Mchina anayeniuzia bampa na taa za magari kwenye mtaa wao hapa Dubai, nikavuta kiti nikakaa.

Nisikilizeni. Mwaka sabini na moja, nikiwa na miaka minane, baba alifariki na dhiki ikaingia kwetu Unguja bila hodi. Skuli nikaachia darasa la pili. Mama akawa anamfulia nguo Babu Hoi, Mchina mzee aliyekausha majongoo ya pwani na kuishi peke yake uchochoro wa nyuma. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, na matusi yake pia. Nyumba ilinuka hata nzi walifikiri mara mbili kabla ya kuingia.

Ukumbini aliweka picha ya mama yake, aliyefia Uchina. Kila asubuhi mbele ya picha utakuta bakuli la wali, chungwa, na vijiti vya ubani vinafuka. Mama alinionya: "Weye, chakula cha mzimu hicho. Ukikigusa utakufa mdomo wazi!"

Lakini mwenye njaa hana miiko. Siku moja nilipeleka nguo, Babu yuko uani anageuza majongoo yake, nikaufuta wali wote. Sikufa. Kesho yake nikarudi. Bakuli limejaa zaidi, na juu yake yai la kuchemsha. Nikala, lakini yule bibi wa kwenye picha sikuweza tena kumtazama usoni.

Mpaka siku moja Babu akanifuma, mashavu yamejaa. Akanyanyua mikono yote miwili, akapiga kelele: "We mtoto! Ngoja! Rudi hapa!"

Nilijua kipigo kinakuja. Nilitoka mbio, na mlango ule sikuukanyaga tena. Nguo akapeleka mama mwenyewe. Akirudi huniuliza, "Babu Hoi anakuulizia kila siku. Umemfanya nini mzee wa watu?" Haukupita mwaka, mzee akafa.

Basi juzi Mei alingoja vijiti viishe kuungua mbele ya picha ya marehemu baba yake. Kisha akachukua bakuli la wali la pale pale, akanigawia nusu.

"Yalla, mama, kula," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.

"Cha maiti hicho!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Baba kashakula, khalas. Sasa zamu yetu. Tukikimwaga ndiyo atakasirika."

Mimi silii ovyo, lakini siku ile nilijifuta machozi kwa mtandio, nikaumaliza wali. Maisha yangu yote nimejihesabu mwizi wa chakula cha maiti. Kumbe yai lile lilipikwa kwa ajili yangu. Mzee alinyanyua mikono kunikaribisha, mimi nikamkimbia, akala peke yake mpaka kufa kwake. Nilijuta kwa kosa ambalo halikuwa kosa, na lililo kosa sikulijua.

Leo nina maghala mawili ya vipuri Ras Al Khor. Nina fleti Al Nahda, sichangii na mtu. Nina nyumba ya ghorofa Unguja, na lori. Jina langu naliandika mwenyewe. Kaburi la Babu Hoi silijui liliko.