Mashine Inayorekodi

Kuna siku moja, mwanangu, huwa naikumbuka kila nikisikia umepekua simu ya mke wako. Leo nitakuambia. Kaa hapo, na usinikatize.

Siku hiyo nilirudi kutoka hospitali na waya mwembamba puani. Ulikuwa umepita kooni ukashuka hadi karibu na tumbo. Huku nje ulibandikwa shavuni kwa plasta, na mwisho wake uliingia kwenye kimashine nilichofungwa kiunoni. Baba yako alinikuta mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya kupima asidi, Baba Mwenda."

"Inapima ama inarekodi?"

Nami mjinga nikasema ukweli. "Inarekodi."

Lo! Ungeona uso wake.

Wivu wa baba yako haukuanza siku hiyo. Tangu nikuzae nilikuwa na kiungulia kibaya. Nikiinama kupalilia, moto unapanda kifuani, maji machungu yanafika hadi mdomoni. Nikamumunya magadi, nikanywa maziwa baridi, wapi! Hatimaye daktari alinipitisha mpira wenye kamera kooni, akaona vidonda chini ya umio, pale njia ya chakula inapoingia tumboni. Akanipa dawa. Akaniambia nisile wakati wa kulala, niinue kitanda upande wa kichwa, na niwe narudi kliniki aone naendeleaje.

Sasa mpe mtu mwenye wivu mambo hayo. Mke hali tena na yeye usiku: "Umeshibia kwa nani?" Mke anavaa nguo ya kanisani kushuka kliniki Nkubu: "Huyo daktari ana bibi?" Mke anaweka matofali chini ya kitanda: ati nataka ateleze aanguke! Na mimi ni msichana wa Karurumo, nimeolewa mbali huku juu kwenye mashamba ya chai, sina hata dada wa kumlilia.

Usidhani mimi sikuwa na wivu wangu. Nilimwonea wivu koo lake. Anakula nyama na pilipili usiku, anateremsha na chai ya majani mengi, kisha analala fofofo. Nilikuwa namtazama natamani kumfinya.

Basi dawa hazikunituliza vya kutosha. Daktari akaanza kufikiria upasuaji, lakini kwanza alitaka kuhakikisha kama ni asidi inayopanda au ni kitu kingine. Ndipo akanifunga ule waya, nikae nao mchana na usiku. Nile kama kawaida, nifanye kazi kama kawaida, na kila moto ukipanda nibonyeze kitufe. Nikiutoa mapema, kipimo kimeharibika, na foleni yake ilikuwa ndefu kweli.

"Toa," baba yako akasema. "Siwezi kukaa na daktari ndani ya nyumba yangu akisikiliza vile naongea."

"Haisikii maneno. Inasikia tumbo."

"Toa, ama nitoe mimi." Akanyoosha mkono hadi kwenye plasta.

Niliogopa, mwanangu. Sikuogopa kupigwa, maana hakuwa mtu wa kupiga. Niliogopa kupasuliwa kwa kubahatisha.

Nyanya yako, mama yake, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Akatoka na kisu mkononi.

"Murithi! Shusha huo mkono. Mke wako anaungua ndani, na wewe unauliza nani ameshika kiberiti? Haya, mashine unaionea wivu, basi ishike wewe. Akisema inachoma, bonyeza. Tuone utamshika na nani."

Nani angebishana na yule mama? Baba yako akaketi karibu yangu, kidole kwenye kitufe. Nikanywa chai, nikamwambia bonyeza. Nikainama kuokota sufuria, bonyeza. Mwanzoni alibonyeza kwa hasira. Baadaye akawa ananitazama usoni, anaona inakuja hata kabla sijasema.

"Kumbe ni kila saa?" akauliza polepole. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaniuliza habari za daktari."

Akasukuma sahani yake. Hakula tena jioni hiyo.

Kesho yake alinisindikiza. Daktari akasoma michoro ya mashine: pale kitufe kilipobonyezwa, ndipo asidi ilipopanda. Ikajulikana wazi ugonjwa ni nini. Akaongeza dawa, akanifundisha kuimeza kabla ya chakula na si baada, upasuaji ukawekwa kando. Mpira wa kamera ulipopitishwa tena baadaye, vidonda vilikuwa vimepona.

Wivu wa baba yako haukuisha, aa! Hadi leo fundi akinisalimia sokoni, yeye anakohoa. Lakini mambo ya kliniki hakuyagusa tena.

Sasa wewe, Mwenda. Mke wako Kawira amesema chakula kinamkwama kooni, na nguo zimeanza kumpwaya. Wewe unatafuta jina la mwanamume kwenye simu. Mwanangu, kiungulia kinachorudi kila wiki kipimwe. Chakula kikikwama, mtu akikonda bila sababu, akitapika damu au choo kikiwa cheusi, hapo hakuna kungoja. Akipewa dawa, asiiache ati kwa sababu amepata nafuu, arudi aangaliwe. Na wewe uende naye, ukae kwenye lile benchi, usikie daktari kwa masikio yako.

Nenda, Mungu awatangulie. Akupe ulimi wa kumuuliza mke wako "unaumwa wapi" kabla ya kumuuliza "ulikuwa wapi."